Risasi na Bunduki ya Marisau ya Nusu-Otomatiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wapiga shabaha na wawindaji wenye vibali huyarudia karibu kila wanapokutana uwanjani, na mengi huanza na lawama kwamba bunduki ni mbovu. Mara nyingi bunduki ni nzima kabisa, ila imepewa risasi isiyolingana nayo. Majibu yanahusu hasa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, tazama swali la 3), kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi.

Neno moja liwekwe wazi mapema. Katika Kiswahili, risasi ni madini na pia ni kile kitu kizima kinachotiwa kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu. Hapa "risasi" ni kitu kizima, yaani ganda, fataki inayoiwasha baruti, baruti yenyewe, kizibo na marisau yake, vile vigololi vinavyorushwa. Metali yenyewe tutaiita madini ya risasi.

## Misingi

1. Kwa nini bunduki yangu ya mitutu miwili haikwami kamwe, lakini nusu-otomatiki inakwama kwa risasi za boksi lilelile?

Bunduki ya mitutu miwili haidai chochote kwa risasi isipokuwa ilipuke. Ukishapiga, mkono wako ndio unaoikunjua, ndio unaotoa maganda na ndio unaotia risasi nyingine. Nusu-otomatiki imeikabidhi risasi kazi hiyo yote. Nguvu ileile iliyosukuma marisau mbele inatakiwa pia kuirudisha nyuma bolti, yaani chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, kulichomoa ganda tupu, kulitupa nje, kuikokeza nyundo na kuikandamiza springi, ambayo nayo itairudisha bolti mbele ikiwa imebeba risasi mpya. Yote hayo hutokea kabla hujapepesa jicho.

Nguvu ikipungua kidogo, bolti huishia njiani na ganda hubanwa mlangoni likiwa limesimama wima. Ikizidi, mambo mengine huharibika (tazama swali la 7). Kwa hiyo risasi ni sehemu ya mtambo, na anayebadilisha risasi amebadilisha mtambo.

2. Mitambo hiyo inatofautianaje, na yangu ni ya aina gani?

Aina kuu ni tatu, na kila moja huisikia risasi kwa namna yake.

Ya kwanza ni ile ambayo mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na bolti. John Browning, Mmarekani, alipata hataza yake mwaka 1900, na bunduki iliyojulikana kama Auto-5 ikatengenezwa kwa karibu karne nzima, kwanza Ubelgiji na baadaye Japani. Ndani ya kishikio cha mbele, kuzunguka bomba la magazini, ambalo ni ghala la risasi zinazosubiri, kuna pete za breki zinazopangwa kulingana na risasi: mpangilio mmoja kwa risasi nyepesi na mwingine kwa nzito. Bunduki hizi bado zimo mikononi mwa watu, nyingi zikiwa za urithi, na mrithi mara nyingi hajui kwamba pete hizo zipo. Anayepiga risasi nzito huku pete zikiwa kwenye mpangilio wa nyepesi hupasua kishikio cha mbao kidogo kidogo bila kujua sababu.

Ya pili hutumia gesi. Chini ya mtutu kuna tundu moja au zaidi linalochota sehemu ya gesi ya baruti na kuipeleka kwenye pistoni, nayo pistoni huisukuma bolti. Remington 1100 ya mwaka 1963 ndiyo iliyowazoesha watu wengi mtindo huu. Nyingi za kisasa zina valvu inayotoa nje gesi iliyozidi, na ndiyo maana bunduki moja inaweza kumeza risasi nyepesi na nzito bila kurekebishwa.

Ya tatu hutegemea ukinzani wa uzito. Mtaliano Bruno Civolani ndiye aliyeibuni kwa namna inayotumiwa na Benelli ya Urbino. Bunduki nzima inaporushwa nyuma na teke la risasi, mwili wa bolti hubaki palepale kwa uzito wake na kuikandamiza springi fupi na nene iliyo kati yake na kichwa cha bolti. Springi hiyo ikijikunjua, huirusha bolti nyuma na kukizungusha kichwa ili kifunguke. Hapa hakuna gesi inayochotwa. Kila kitu kinategemea jinsi bunduki inavyorudi begani.

Ukitaka kujua yako ni ipi, fungua kishikio cha mbele bunduki ikiwa tupu. Ukikuta pistoni na masizi, ni ya gesi. Ukikuta bomba la magazini tupu na safi, ni ya ukinzani. Ukikuta springi ndefu inayolizunguka bomba hilo na mtutu unaosukumika nyuma kwa mkono, ni ya mtutu unaorudi.

3. Maandishi kwenye boksi yana maana gani?

Geji 12 ina maana kwamba gololi 12 za madini ya risasi zenye upana sawa na mtutu zina uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Ndiyo sababu geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12 ingawa namba yake ni kubwa.

Urefu, kwa mfano milimita 70 au 76, ni wa ganda lililokwisha kupigwa na mdomo wake kufunguka. Risasi ambayo haijapigwa ni fupi kuliko namba hiyo, na jambo hili lina hatari inayoelezwa katika swali la 9. Uzito ni wa marisau peke yake. Boksi za Marekani huuandika kwa aunsi, na aunsi moja ni kama gramu 28, aunsi 1 na 1/8 ni kama gramu 32. Kasi huandikwa kwa futi au mita kwa sekunde. Futi 1,200 ni karibu mita 366.

Boksi za Marekani huongeza pia kipimo cha drami. Hicho ni ulinganisho na baruti nyeusi ya zamani, hakielezi uzito wa baruti iliyomo ndani. Anayejijazia risasi na kupima baruti ya kisasa kwa drami hizo anaweza kuupasua mtutu usoni pake.

## Nguvu ya risasi

4. Kwa nini risasi za gramu 24 zinasumbua zaidi?

Gramu 24 ndicho kiwango cha mashindano ya Olimpiki ya kulenga sahani za udongo, na kwa bega ni za raha. Tatizo ni hesabu. Katika bunduki ya kilo 3.2, risasi ya gramu 24 yenye kasi ya mita 400 kwa sekunde huizalishia bunduki nishati ya kurudi nyuma ya zaidi kidogo ya joule 20. Ya gramu 36 kwa kasi hiyohiyo huzalisha zaidi ya joule 40. Uzito wa marisau umeongezeka kwa nusu, lakini nishati imezidi maradufu. Bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya bata bukini na risasi za magnum, zile zenye nguvu ya ziada, imepangiwa hiyo ya pili. Ukiipa ya kwanza, springi zake haziridhiki.

Bunduki za ukinzani zilizoundwa kwa risasi ndefu za milimita 89 ndizo zinazolalamika zaidi. Za gesi zilizotengenezwa kwa ajili ya mashindano huzipiga gramu 24 siku nzima. Kitabu cha maelekezo cha bunduki hutaja risasi nyepesi kabisa inayokubalika, na namba hiyo iheshimiwe: ukienda chini yake huna haki ya kuilaumu bunduki.

Niliwahi kusimama nyuma ya mpigaji mmoja asubuhi ya baridi, tukitazama maganda yake yanakoangukia. Ya boksi la kwanza yaliruka mita tatu hivi kuelekea kulia na kutua pamoja kama yamepangwa. Ya boksi la pili, jepesi zaidi, yalidondoka karibu na kiatu chake, mengine yakijiviringisha juu ya mlango kabla ya kuanguka. Bunduki ilikuwa haijakwama hata mara moja, lakini nilikwisha kujua kwamba itakwama, na kwenye risasi ya kumi na moja ikakwama. Tazama maganda yako. Yanasema mapema kuliko bunduki.

5. Kipi ni muhimu zaidi, uzito au kasi?

Vyote viwili, kwa kuwa kinachoisukuma bunduki ni zao lao. Risasi ya gramu 24 yenye kasi kubwa inaweza kuiendesha bunduki iliyoikataa ya gramu 28 iliyo polepole. Wanaosoma uzito peke yake hushangazwa na jambo hili.

Kwa bunduki ya gesi kuna jambo la tatu ambalo boksi halilitaji kabisa, nalo ni aina ya baruti. Baruti inayoungua haraka hufikia kilele cha shinikizo mapema, na marisau yanapolipita tundu la gesi shinikizo limekwisha kushuka. Inayoungua taratibu hufika tundu hilo ikiwa bado na nguvu. Ndiyo maana risasi mbili zenye maandishi yaleyale, kutoka viwanda viwili, zinaweza kutenda tofauti kabisa katika bunduki moja, na mtu aliyekwama kwa mojawapo hapaswi kudhani kwamba nyingine nayo itamkwamisha.

6. Bunduki ni mpya na inazikataa risasi nyepesi. Itazoea?

Mara nyingi, ndiyo. Springi mpya ni ngumu, na vyuma vinavyosuguana bado havijalainishana. Watengenezaji wengi hushauri kuanza na risasi nzito kwa idadi wanayoitaja wenyewe, kisha kushuka hatua kwa hatua. Kabla ya yote, ifungue na uifute ile grisi nzito ya kiwandani, ambayo iliwekwa kuzuia kutu safarini na huifanya bolti iende kama inapita kwenye asali.

7. Basi nitumie risasi nzito siku zote, si ndiyo salama?

Hapana, na nasisitiza hili kwa sababu ushauri huo hutolewa kwa wepesi mno. Bolti inayosukumwa kupita kiasi hugonga nyuma ya kasha la mtambo kwa nguvu ambayo chuma hakikupangiwa, na nyufa huanza mahali usipopaona. Pia inaweza kurudi mbele kwa kasi kabla springi ya magazini haijaileta risasi inayofuata mahali pake, ikajifunga juu ya chemba tupu. Mtu huona bunduki imekwama na kudhani nguvu ni ndogo, kumbe imezidi.

Angalia pia mtutu. Katika baadhi ya bunduki za gesi za zamani, mtutu wa magnum una matundu madogo kuliko mtutu wa kawaida, na mitutu hiyo huweza kubadilishana bunduki. Mtutu wa kawaida uliopigiwa risasi nzito huichapa bolti. Mtutu wa magnum uliopigiwa nyepesi hauiendeshi. Usiruhusu mtu ayapanue matundu hayo kwa keekee. Tundu likishapanuka halirudi.

Mfano mzuri wa wahandisi kulikabili tatizo hili ni Remington Versa Max iliyotoka mwaka 2010. Matundu yake ya gesi yamo ndani ya chemba, saba kwa jumla, na ganda lenyewe ndilo linaloyaziba: risasi ya milimita 70 huyaacha yote saba wazi, ya milimita 76 huacha manne, na ya milimita 89 huacha matatu. Risasi kubwa hujipunguzia gesi yenyewe.

## Ganda, mdomo na kilichomo ndani

8. Kikombe cha chuma chini ya ganda kina tofauti gani na cha shaba?

Kinapopigwa, kikombe hicho hutanuka na kuukumbatia ukuta wa chemba. Cha shaba hunywea tena kwa wepesi na kuachia. Cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba, ambacho ni cha kawaida kwenye risasi za bei nafuu, hunywea kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na katika chemba yenye mikwaruzo au kutu hubaki kimeshikilia. Kucha ya bolti hulivuta ganda, ganda halitoki, na nguvu iliyokusudiwa kazi nyingine yote huishia hapo. Sumaku ndogo itakuonyesha ulichonunua.

Dalili iko kwenye ukingo wa ganda. Liokote, ligeuze kwenye mwanga, na utafute mahali kucha iliposhika. Alama hafifu ni ya kawaida. Ukingo uliopinda au kumeguka una maana kwamba ganda lilivutwa kwa nguvu nalo likakataa. Kabla ya kubadilisha risasi, isugue chemba kwa brashi yake, kwani mabaki ya plastiki na masizi hufanana na kosa la ganda.

9. Naweza kutumia urefu tofauti na ulioandikwa kwenye mtutu?

Fupi, kwa kawaida ndiyo. Ndefu, kamwe usitumie.

Risasi ya milimita 76 ambayo haijapigwa huingia bila shida kwenye chemba ya milimita 70, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Hatari huja inapopigwa: mdomo hauna nafasi ya kufunguka, hujibana mahali mtutu unapoanza kusinyaa, na shinikizo hupanda. Kwa vipimo vya Ulaya risasi ya kawaida ya geji 12 haipaswi kupita bari 740, na ya magnum hufika hadi bari 1,050, kwa hiyo tofauti ilikuwa kubwa tangu mwanzo. Kule kuingia kwake kwa ulaini ndiko kunakowadanganya watu.

Kwa upande wa kukwama, aina ya mkunjo nayo ina uzito wake. Mdomo uliokunjwa kama nyota una ncha ya mviringo inayoteleza kuingia chembani. Mdomo uliosokotwa kwa ndani, ulio wa kawaida kwenye risasi za gololi moja kubwa, una ukingo mkali unaoweza kujikita kwenye mlango wa chemba.

10. Na zile risasi fupi mno, za milimita 44?

Usizitegemee katika nusu-otomatiki. Nguvu yake ni ndogo, na ufupi wake huifanya ijigeuze kwenye kinyanyuzi, kijiko kinachoipandisha risasi kutoka magazini, kabla ya kufika chembani.

11. Vizibo vya nyuzi vinaathiri chochote?

Kizibo ni kile kinachokaa kati ya baruti na marisau. Cha plastiki huziba mtutu vizuri na kuizuia gesi isipenye mbele. Cha nyuzi hupendwa mashambani, hasa Uingereza, kwa sababu huoza badala ya kubaki kwenye nyasi za mifugo. Kuziba kwake hutofautiana zaidi kati ya risasi na risasi, na huacha uchafu mwingi. Katika bunduki ya gesi, safisha mapema zaidi.

12. Marisau ya chuma yanaharibu bunduki au kuikwamisha?

Marekani ilikataza madini ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya umeyakataza ndani na kando ya ardhi oevu tangu Februari 2023. Ndege huyameza marisau wakidhani ni changarawe ya kusagia chakula, nao hufa polepole kwa sumu. Nayaona makatazo hayo kuwa ya haki kabisa.

Kwa upande wa kuendesha mtambo, risasi za chuma kwa kawaida hufanya vizuri, kwa kuwa hutengenezwa zikiwa na kasi kubwa ili kufidia wepesi wa chuma. Tahadhari inahusu mtutu. Chuma hakibonyei kama madini ya risasi, kwa hiyo choki (mbano wa mdomo wa mtutu) iliyobana sana na mitutu ya zamani havifai. Mitutu ya Ulaya iliyojaribiwa kwa risasi kali za chuma hupigwa muhuri wa ua la yungiyungi. Usipouona, muulize fundi kabla ya kuzinunua.

## Hali ya hewa, usafi na kuhifadhi

13. Ninaishi pwani. Unyevu unaathiri risasi?

Sana. Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ina chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Kikombe cha ganda hushika kutu au ukungu wa kijani, kipenyo chake huongezeka kidogo, na hicho kidogo kinatosha kuizuia bolti isijifunge kabisa. Maganda ya karatasi, ambayo bado hutengenezwa na wengine wamerithi maboksi yake ya zamani, huvimba yakinywa unyevu hadi hayaingii chembani. Marisau ya chuma yaliyolowa huweza kushikana kwa kutu na kutoka kama bonge.

Hifadhi risasi kwenye boksi la bati au plastiki lenye mpira wa kuziba, ndani ya kabati linalofungwa kwa ufunguo kama sheria inavyotaka, na weka ndani yake vifuko vya kunyonya unyevu. Usizifute kwa mafuta. Mafuta hupenya hadi kwenye fataki na kuiua, na risasi iliyong'arishwa kwa nia njema hubaki kimya siku inapohitajika. Kitambaa kikavu kinatosha. Iliyoshika kutu iwekwe kando irudishwe kwa muuzaji au polisi.

14. Uchafu wa risasi za bei nafuu ni tatizo kweli?

Kwa bunduki ya gesi, ndiyo. Masizi hujikusanya kwenye pistoni na matundu, na risasi nyepesi iliyokuwa ikitosha asubuhi haitoshi tena mchana. Hiyo ndiyo maelezo ya malalamiko mengi ya "ilianza vizuri". Paka mafuta machache kwenye reli za bolti. Kwenye pistoni fuata kitabu, kwa maana nyingine hutakiwa kuwa kavu.

Bunduki ya ukinzani hubaki safi zaidi kwa kuwa gesi yote hutoka mdomoni. Wenye nazo huzembea kwa sababu hiyohiyo, na katika nyingi kati yake springi ya kurudisha bolti iliyofichwa ndani ya kitako hushika kutu pasipo mtu kuitazama kwa miaka.

15. Risasi nilizojaza mwenyewe zinakwama, za dukani hazikwami.

Kikombe cha ganda lililokwisha kupigwa kimetanuka kwa kipimo cha chemba ya bunduki iliyolipiga. Lisiporudishwa kwenye kipimo chake kwa kifaa maalumu, halitaingia vizuri kwenye chemba nyingine. Angalia pia kama fataki imezama sawa na kitako cha ganda. Iliyochomoza ni hatari, kwa sababu bolti hujifunga kwa kishindo.

## Hali zisizo za kawaida

16. Nilivuta kifyatulio nikasikia "tik" tu. Nifanye nini?

Kwanza, usiisogeze bunduki. Iache imeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 60 kamili, kwa sababu huenda fataki inaungua taratibu na risasi ikalipuka ikichelewa. Baada ya hapo ndipo uitoe.

Kisha iangalie fataki. Ikiwa haina alama, au ina alama hafifu, katika bunduki ya ukinzani inawezekana bolti haikujifunga sawasawa: mtu aliirudisha polepole kwa mkono ili isipige kelele, au bunduki iligonga ardhi ikakifungua kichwa cha bolti kidogo. Sukuma bolti mbele kwa kidole kila unapokuwa na shaka. Ikiwa alama ni ya kina, kosa ni la fataki.

Ukisikia mlio hafifu, "pfff", badala ya kishindo, simama kabisa hata kama bolti imetia risasi nyingine. Huenda kizibo kimebaki ndani ya mtutu. Toa risasi zote, fungua mtutu, utazame kwenye mwanga. Anayepiga nyingine juu ya kizibo hicho hupasua mtutu.

17. Kwa nini risasi za geji 20 ni za manjano?

Ili zisichanganywe na nyingine. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye chemba ya geji 12 huteleza mbele na kukwama mwanzoni mwa mtutu, chemba inaonekana tupu, na ya geji 12 huingia nyuma yake. Matokeo hukata vidole. Mwenye bunduki za geji zote mbili asibebe risasi zake katika mfuko mmoja, wala koti moja, hata kwa dakika chache.

18. Bunduki inafanya kazi mikononi mwangu, lakini kwa binti yangu inakwama. Risasi ni zilezile.

Ikiwa ni ya ukinzani, jibu limo katika swali la 2: mtambo unahitaji bunduki irudi nyuma kwa namna fulani. Kitako kisichokaa begani sawasawa, au kikiwa kirefu mno kwa mtu mwenye mikono mifupi, hubadilisha mwendo huo. Uzito ulioongezwa, kama tochi au kibebeo cha risasi ubavuni, huifanya bunduki irudi polepole zaidi na kuleta tatizo lilelile. Mrekebishie kitako kwanza, kabla ya kumpa risasi nzito zitakazomtisha. Bunduki ya gesi haijali sana jinsi inavyoshikwa, nayo ina teke laini zaidi. Kwa mpigaji mwepesi ndiyo ningemchagulia.

19. Risasi za mpira zitafanya kazi katika nusu-otomatiki?

Zitalipuka lakini hazitaiendesha bolti, kwa kuwa nguvu yake imepunguzwa kwa makusudi. Hii ni sababu mojawapo walinzi wengi hubeba bunduki ya kuvuta kwa mkono. Benelli M3 iliundwa iweze kugeuzwa kutoka hali moja kwenda nyingine kwa sababu hiihii.

20. Nijaribu vipi risasi kabla ya kununua kreti nzima?

Nunua boksi mbili za namba moja ya toleo, ambayo hugongwa kwenye kifuniko. Isafishe bunduki. Piga boksi la kwanza ukitia risasi mbili mbili, na la pili ukijaza magazini kadiri sheria inavyoruhusu, kwa sababu bunduki nyingine hukwama tu kwenye risasi ya kwanza, magazini ikiwa imejaa na springi yake ikibana sana, au kwenye ya mwisho, springi ikiwa imelegea. Andika kila kukwama: ilikuwa ya ngapi, ganda lilikuwa wapi, bolti ilikuwa wapi. Kreti utakayonunua iwe ya namba hiyohiyo ya toleo, maana viwanda hubadilisha baruti bila kubadilisha boksi.

21. Nimejaribu risasi za aina tatu, zote ndani ya kiwango cha kitabu, na bado inakwama.

Sasa ndipo bunduki inapostahili kushukiwa. Linganisha maelezo uliyoandika. Ganda lililobaki chembani kwa risasi zote tatu linaelekeza kwenye kucha au chemba. Ganda lililosimama mlangoni linaelekeza kwenye kitoleo, springi ya bolti, au ile pete ya mpira ya pistoni ambayo hukauka na kupasuka. Risasi isiyotoka magazini ni springi ya magazini au uchafu ndani ya bomba. Mpelekee fundi mwenye leseni bunduki, daftari lako na maganda matatu au manne ya kila aina. Maganda hayo, na alama zilizo kwenye kingo zake, yatamwokolea nusu ya siku.